Amplifaya mbili kwenye sabufa moja: kazi ya karakana ya Amani iliyopimwa kabla ya kufungwa

Gari langu ni Noah, na ninaishi hapa Unguja. Siku za kazi hunipeleka skuli ninakosomesha, na kuanzia Alkhamis jioni hubeba watu wa harusi. Wanaokodi gari la kumfuata bibi harusi kutoka mjini hadi Makunduchi au Nungwi hutaka muziki wa kusikika njia nzima, na muziki wa harusi zetu umesimama juu ya besi. Katika taarabu asilia, kama ile ya Culture Musical Club, kuna besi ya kusimama ambayo uzi wake mzito kabisa hutoa sauti ya hezi 41, na katika kidumbak, yaani muziki wa harusi wa kikundi kidogo, kuna sanduku lenye kijiti na uzi mmoja, ambalo ndilo linalowainua watu vitini. Spika za milangoni haziwezi kufika chini huko. Ndiyo maana nilinunua sabufa ya inchi 12 yenye koili mbili, yaani mizunguko miwili ya waya inayosukuma koni, ikiwa ndani ya boksi lenye tundu, pamoja na amplifaya mbili za aina moja, na ndiyo maana ninaandika kwa kirefu juu ya karakana iliyozifunga, kwani kabla ya kuifikia nilikwishapata hasara.

Fundi wa kwanza, ambaye simtaji wala sitaji mtaa wake, alichukua waya za kutolea sauti za amplifaya zote mbili akazisokota pamoja, chanya na chanya, hasi na hasi, kisha akazipeleka kwenye koili moja ya sabufa na kuiacha ya pili bila ya kitu. Aliniambia kuwa nguvu zimejumlishwa. Ilikuwa msimu wa harusi kabla ya Ramadhani, na safari ya kwanza tuliyoifanya ilikuwa ya Makunduchi. Tulipofika Tunguu muziki ulikatika, taa nyekundu ikawaka kwenye amplifaya zote mbili, na ndani ya gari ikaenea harufu kali ya kitu kilichoungua. Kina shangazi waliimba wenyewe mpaka Makunduchi, na mimi nilirejesha nusu ya fedha ya kukodi. Amplifaya moja ilirudi kuwaka siku ya pili yake. Nyengine haikuwaka tena.

Karakana ninayoisifu ipo Amani, katika kibanda cha mabati kisichokuwa na kibao chochote, na watu huielekeza kwa mdomo. Anafanya kazi mtu mmoja mzima pamoja na kijana anayejifunza kwake. Nilipofika na kueleza yaliyonikuta, fundi hakugusa koleo. Alifungua mlango wa nyuma, akalala ubavu mbele ya boksi na kuziangalia waya kwa tochi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Maalim, hizi amplifaya ni pacha kweli, au zinafanana sura tu?" Niliposema ni pacha alizigeuza zote mbili ili asome namba ya aina chini yake. Saa moja na nusu ya mwanzo ilipita katika kupima na kuuliza, na hakuna waya hata mmoja uliokatwa. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kunionesha kuwa nimefika kwa mtu mwengine kabisa.

Alinieleza kosa la mwanzo kwa namna ambayo sasa naweza kuwaeleza wanafunzi wangu. Amplifaya hujitahidi muda wote kuishikilia volti iliyoamrishwa kwenye matokeo yake, na ukinzani wa matokeo hayo ni mdogo mno. Amplifaya mbili, hata ziwe pacha, hazitoi volti sawasawa kwa kila nukta ya wakati. Zikifungwa pamoja kwenye koili moja, ile yenye volti ya juu humsukumia mkondo mwenzake badala ya kuusukuma kwenye sabufa, na kwa kuwa katikati yao hakuna cha kuuzuia, tofauti ya volti 1 tu juu ya ukinzani wa sehemu moja ya 20 ya omu (kipimo cha ukinzani) hupitisha ampea 20. Zinapigana zenyewe kwa zenyewe mpaka moja ife. Zipo amplifaya zilizotengenezwa ili ziungwe kama bwana na mtumwa, zikiwa na tundu maalumu la kupelekeana ishara, na hizo zina utaratibu wake uliochapishwa kwenye kitabu chake. Kila moja hapo huuona nusu tu ya mzigo, kwa hiyo mbili zinazostahimili omu 1 kila moja hazipewi chini ya omu 2 zikiunganishwa. Zangu hazina tundu hilo. Kwa amplifaya kama zangu njia salama ni moja: kila amplifaya na koili yake, na waya za kutolea sauti za huku zisikutane na za kule mahali popote.

Alipima koili zenyewe. Mita ilisoma 3.6 kwenye koili ya kwanza na 3.5 kwenye ya pili, jambo ambalo ni la kawaida kwa koili iliyoandikwa omu 4, kwa sababu mita hupima waya ulionyamaza tu. Koili hizo mbili zikiungwa sambamba humpa mwenye amplifaya mzigo wa omu 2. Zikiungwa mfululizo huwa omu 8. Zikitenganishwa kila moja hubaki na 4 zake. Amplifaya zangu zimeandikwa wati 500 kwenye omu 2 na wati 300 kwenye omu 4. Hapo fundi aliweka mita chini na kuniambia jambo ambalo muuzaji mwenye tamaa asingelisema:

"Maalim, amplifaya moja iliyo nzima, ukiipa koili zote mbili sambamba, inakupa wati 500. Mbili, kila moja na koili yake, zinakupa 600. Hizo 100 za juu sikio lako halitazihesabu."

Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu, na nikaona kuwa kutoka wati 500 hadi 600 ni ongezeko lisilofika desibeli 1, kipimo cha ukubwa wa sauti. Fundi huyu alikuwa ananipa ruhusa ya kuondoka na kazi ndogo na malipo madogo. Nilimuuliza basi faida ya mbili iko wapi, na jibu lake lilikuwa joto. Amplifaya inayotoa wati 500 kwenye omu 2 hupitisha karibu ampea 16 kwenye koili, wakati inayotoa wati 300 kwenye omu 4 hupitisha chini ya ampea 9. Katika gari lililojaa watu, madirisha yamefunguliwa, jua la Disemba linapiga kwenye bati, na safari ya saa nzima kwenda Nungwi, amplifaya inayofanya kazi nusu nusu na mwenzake haifiki mahali pa kujizima. Nilichagua mbili kwa sababu hiyo, na naamini nilichagua sawa kwa kazi ninayoifanya. Kwa mtu anayesikiliza muziki kutoka nyumbani hadi ofisini, ushauri wa fundi wa kutumia moja ndio wa kufuatwa.

Sharti lake lilikuwa kwamba iliyokufa ipatiwe pacha wake hasa, na si inayokaribiana nayo. Koili mbili za sabufa zimezungushwa kwenye bomba moja na zinasukuma koni moja. Ikiwa upande mmoja unapewa nguvu zaidi kuliko wa pili, koili ya upande huo hupata joto zaidi na huungua mapema. Aina hiyo haikuwapo mjini, ikabidi iletwe kwa boti kutoka Dar es Salaam, na nilisubiri siku tisa. Harusi mbili zilinipita. Silihesabu hilo kuwa kosa lake, ingawa angeweza kunitajia muda wa kweli tangu mwanzo badala ya kuniambia kila siku kwamba ni kesho.

Sehemu ya kazi iliyonifunza zaidi ni ya waya za moto. Fundi wa kwanza alitumia waya wa geji 8 (namba ya geji ikiwa ndogo, waya huwa mnene zaidi) kutoka kwenye betri, bila ya fyuzi yoyote karibu na betri. Yule wa Amani alikata kipande chake, akavua mpira, akachukua uzi mmoja na kuukwangua kwa wembe mbele yangu. Rangi ya shaba ilitoka kama ngozi ya kitunguu, na ndani yake kulikuwa na weupe: alumini iliyopakwa shaba. Waya wa namna hiyo hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba tupu ya unene ule ule, na katika hewa yetu ya chumvi alumini ikipata unyevunyevu kwenye maungio huharibika upesi, uungaji ukalegea na kuanza kupata moto. Wati 600 za muziki, ukihesabu upotevu ndani ya amplifaya zenyewe, huvuta karibu ampea 54 kutoka kwenye umeme wa volti 13.8. Juu ya mita 5 za waya wa geji 8, hata ungekuwa shaba tupu, zaidi ya nusu volti hupotea njiani. Kwa ule wa kwangu wa alumini upotevu ulikaribia volti nzima. Alibadilisha kwa shaba tupu ya geji 4, ambayo kwa urefu huo huo na mkondo huo huo hupoteza kiasi cha robo volti tu.

Fyuzi ya ampea 80 aliiweka kiasi cha shibiri moja na nusu kutoka kwenye betri. Hilo ndilo jambo ninalomwomba kila msomaji alikague kwenye gari lake leo, kwa sababu fyuzi haiko pale kuilinda amplifaya. Iko pale kuulinda waya wenyewe. Waya usiokuwa na fyuzi ukichubuka ukagusa bati la gari, betri itamimina umeme wake wote mpaka gari liwake moto, na abiria wangu ni watoto na wazee. Nyuma ya gari umeme unaingia kwenye kigawio, na kutoka hapo kila amplifaya ina fyuzi yake ya ampea 40. Waya za ethi za zote mbili zimefungwa mahali pamoja, zikiwa fupi na za urefu sawa, na kabla ya kukaza bolti kijana alipiga msasa rangi ya bodi mpaka bati likang'aa, kisha akapaka grisi juu ya maungio ili chumvi isiingie. Waya mwembamba wa kuziamsha amplifaya, unaotoka kwenye redio, umepitishwa kwenye relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, kwa sababu tokeo hilo la redio halikutengenezwa kubeba mzigo wa vifaa kadhaa.

Usawazishaji ulichukua mchana mzima wa siku ya pili. Fundi alichomoa waya za sabufa kabisa, akaondoa marekebisho yote ya besi kwenye redio, akaweka sauti kwenye 30 kati ya 40, kisha akapiga mlio mmoja wa hezi 50 aliokuwa nao kwenye flashi. Alikuwa amekwishaandika hesabu kwa mkaa ukutani: wati 300 mara omu 4 ni 1,200, na kipeuo chake cha pili ni volti 34.6. Aliizungusha geini, yaani kirungu cha kiwango cha ishara inayoingia, ya amplifaya ya kwanza polepole mpaka mita ikasoma 34.6, akahamia ya pili, akaiacha kwenye 34.5, akarudi tena kwenye ya kwanza kuhakikisha haikuhama. Kichujio cha kukata sauti za juu aliweka hezi 80 kwa zote mbili, na kile cha kukata za chini hezi 28, kwa sababu sabufa iliyo kwenye boksi lenye tundu hukosa cha kuizuia ikipewa sauti za chini kupita boksi lilivyopangwa, na koni inaweza kutoka mpaka ikachanika. Kitufe cha kuongeza besi kilibaki sufuri. Aliniambia nisikiguse, na sijakigusa.

Kabla ya kurudisha waya alinionyesha kitu ambacho nakikumbuka vizuri kuliko vyote. Alichukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, akaniambia niweke kiganja juu ya koni, akagusisha betri kwenye koili ya kwanza. Koni ilinisukuma kiganjani, kidogo tu, kama mapigo ya mshipa, kisha ikarudi. Akagusisha kwenye koili ya pili, ikanisukuma vile vile. Halafu akaigeuza betri makusudi, na koni ikanikimbia. "Ukikosea hapa, Maalim, moja inasukuma na nyengine inavuta, na wewe utasema sabufa mbovu." Baadaye, kwa sauti ndogo, alifunga koili moja kinyume ili nisikie mwenyewe: muziki ulibaki wa milangoni tu, na besi ikapotea kama iliyozimwa. Alipoirudisha sawa kidumbak kiliingia ndani ya gari, na kijana wake akaacha alichokuwa akifanya.

Nilimwomba anifungie kile kirungu kidogo cha kupunguzia besi, kikae karibu na usukani, kwani tukipita msikiti wakati wa sala au nyumba yenye msiba ni lazima sauti ishuke mara moja. Alikataa, na alikuwa na haki. Kirungu cha amplifaya moja huipunguza hiyo hiyo peke yake, mwenzake akabaki juu, na usawa wote uliopimwa mchana kutwa ukavunjika kwa mzunguko mmoja wa kidole. Alinionyesha kuwa redio yangu ina mpangilio wake wa kiwango cha sabufa, unaofanya kazi kabla ishara haijagawanywa kwenda kwenye amplifaya mbili, na humo ndimo ninamopunguzia sasa.

Upungufu upo, na ni haki ausikie anayetaka kwenda. Hakuna risiti wala dhamana iliyoandikwa. Niliyopewa ni ya mdomo. Mchoro wa waya nilioutaka ili fundi mwengine autumie siku za mbele nilichorewa kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha katoni, tena baada ya kuomba mara tatu. Kivuli cha kusubiria hakipo. Tena wiki tano baada ya kazi, muziki ulianza kuwa na mvumo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Niliporudi ilionekana kuwa kijana aliupitisha waya wa ishara upande mmoja na waya wa moto, chini ya zulia lile lile, na ulipolegea kwenye plagi yake ulianza kubeba kelele za alteneta. Fundi hakubishana. Aliinua zulia lote, akaupitisha waya wa ishara upande wa pili wa gari, na hakutaka hata fedha ya maji. Kijana alisimamishwa pembeni aangalie tangu mwanzo hadi mwisho, na nilipenda kuwa alirekebishwa bila ya kufokewa mbele ya mteja.

Kwa upande wa gharama, nililipa shilingi 90,000 za kazi na shilingi 165,000 za waya wa shaba, fyuzi, kigawio na relei, mbali na amplifaya mpya niliyoinunua mwenyewe. Wapo watakaosema ni nyingi, na fundi wa kwanza alinitoza 40,000 tu. Nikiweka pamoja 40,000 hizo, amplifaya iliyoungua na nusu ya kodi ya Makunduchi, kazi ya Amani ni rahisi kuliko ya kwanza.

Tangu hapo gari limekwenda Nungwi mara nne, Makunduchi mara mbili na Kizimkazi mara moja. Nimepima volti kwenye amplifaya muziki ukiwa juu na injini ikiunguruma, nikapata 13.4, wakati zamani ilikuwa ikishuka chini ya 12.5 kila ngoma inapopigwa. Nikizigusa amplifaya mwisho wa safari huwa vuguvugu tu.

Siku ya Ijumaa hafungui mpaka baada ya sala, na asubuhi za Jumamosi huwa na foleni ya magari ya watalii, kwa hiyo Jumatatu au Jumanne ndizo siku nzuri. Nenda na betri iliyojaa chaji, amplifaya zote mbili na vitabu vyake kama unavyo, na jitayarishe kuliacha gari kwa siku mbili. Akikuambia kuwa amplifaya moja inakutosha, mwamini.